Euro Truck Simulator 2 kwenye laptop ya mtumba

Nianze na laptop, maana ndiyo inayoamua kila kitu. Core i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8, kadi ya picha haina. Niliinunua mtumba Kariakoo kwa ajili ya kutunga mitihani. Mimi ni mwalimu wa hesabu Morogoro, nacheza gemu kuanzia saa tatu usiku watoto wakishalala, nusu saa hivi, nikijisahau saa nzima. Anayetafuta maoni ya mtu mwenye mashine ya milioni nne amekosea mlango.

Kwa watu wa aina yangu gemu ina bei mbili, ya dola na ya GB, na hiyo ya pili hakuna anayekutajia. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wananisifia GTA V kila siku. Naamini ni nzuri, ila inadai zaidi ya GB 100 za nafasi, na kwa bando la kupimiwa hiyo ni sawa na kununua gemu moja mara kadhaa.

Euro Truck Simulator 2 ni gemu ya kuendesha malori Ulaya, ya mwaka 2012, kazi ya SCS Software wa Prague. Bei yake kamili ni dola 19.99, ila Steam, duka la gemu la mtandaoni, wakifungua punguzo lao la katikati ya mwaka au la Desemba huwa inashuka hadi 4.99. Nikaiweka kwenye orodha ya kusubiri, nikaendelea na maisha yangu, siku iliposhuka nikapata barua pepe. Shilingi yetu Steam hawaijui, kila kitu ni dola. Nilitengeneza kadi ya mtandaoni kwenye simu, nikaweka pesa kamili bila kufikiria makato, malipo yakakataliwa. Mwalimu wa hesabu huyo. Nikaongeza elfu mbili, ikapita. Jumla kama elfu kumi na tano.

Kuipakua kulichukua usiku tatu na zaidi ya GB 10. Uzuri ni kwamba Steam inakuruhusu kusimamisha asubuhi na kuendelea usiku palepale ulipoishia. Nilipoifungua nikashusha ubora wa picha hadi chini kabisa, nikazima vioo vya pembeni, na gari likatembea bila kukwamakwama. Miti ya mbali inafanana na mboga zilizochemshwa, lakini barabara inaonekana, na mimi nilifuata barabara.

Unaanza huna kitu. Unaendesha malori ya watu kwa kibarua: unapewa mzigo, unaupeleka, unalipwa. Baadaye benki inakukopesha euro 100,000 ununue lori lako, na kuanzia hapo kila siku marejesho yanakatwa upende usipende. Ukipita taa nyekundu, faini. Ukizidisha mwendo mbele ya kamera, faini. Ukiendesha muda mrefu bila kulala dereva anaanza kupiga miayo na kioo kinakuwa giza. Kuna watu wataniuliza raha iko wapi hapo. Raha iko saa nne usiku, mvua ya gemu inapiga kioo, waipa zinakwenda, huku mimi nimetoka kusahihisha madaftari themanini na hakuna mtu wa kuniita mwalimu. Halafu kuna folda ya muziki: unatupia MP3 zako ndani, redio ya lori inazipiga. Nimepita Hamburg na taarab ya zamani kutoka Tanga. Kwa jambo hilo peke yake nawapa SCS alama zote.

Jaribio la kweli lilikuja kaka yangu mkubwa alipolala kwangu njiani kurudi Dar. Anaendesha semi ya Dar kwenda Lubumbashi mwaka wa kumi na moja huu. Baada ya chakula nikamwambia, "Shikamoo tena kaka, njoo uone kazi yako." Akacheka, akavuta kiti. Nilitaka kumtahadharisha kwamba Ujerumani wanapita kulia, maana mimi usiku wa kwanza niligongana uso kwa uso na gari dogo hata kituo cha mafuta sijakifikia. Akanikatisha: "Nikishavuka Kasumbalesa si napita kulia vilevile?" Kweli, Zambia kushoto, Kongo kulia, nilikuwa namfundisha samaki kuogelea.

Aliendesha kutoka Berlin hadi Poznań na kila baada ya dakika tano alikuwa na swali. Matuta yako wapi? Bodaboda wako wapi? Utingo wangu mmemwacha wapi? Alipovuka mpaka kuingia Poland bila kusimama akaacha vitufe, akaniangalia. "Hapa ndiyo Tunduma yao?" Nikamwambia ndiyo hapo, umeshapita. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema gemu hii imetungwa na mtu aliyekula ugali akashiba.

Lakini kwenye kurudi nyuma alininyamazisha. Ukifika unachagua: uegeshe tela mwenyewe upate pointi, au ubonyeze kitufe likaegeshwe lenyewe bila pointi hata moja. Mimi miezi mitano nabonyeza. Yeye akaweka uso karibu na kioo, akagusa mshale wa kulia, akaachia, akagusa wa kushoto kidogo tu, tela likaingia kwenye mistari kama droo. Mara moja. Akaniambia kosa langu ni kukitazama kichwa cha lori. "Kichwa hakina shida, mdogo wangu. Angalia mgongo wa tela." Tangu siku hiyo nimejaribu, naweza kwa mara ya nne au ya tano, na nimevirudisha vile vioo hata kama laptop inalalamika.

Sasa lawama. Ramani za ziada zinauzwa kipande kipande. Scandinavia, Italia, Iberia, kila moja dola 17.99 bila punguzo, karibu sawa na gemu yenyewe. Ramani ya kwanza inatosha sana, mimi hata Uingereza sijaimaliza, lakini kila ukifungua gemu kuna tangazo la nchi nyingine. Masasisho nayo ni makubwa, na hayaulizi kama bando lipo. Magari mengine ya barabarani yana akili ya kuku. Na Kiswahili hakimo, si kwenye gemu wala kwenye Steam.

Kuhusu Steam nina neno moja jema zaidi: kurudisha. Ndani ya siku 14, kama umecheza chini ya saa 2, unaomba pesa yako. Niliitumia kwa gemu moja ya mashindano ya magari iliyokuwa inatembea kwenye laptop yangu kama picha za ukutani, moja moja. Pesa ilirudi ndani ya wiki. GB 14 hazikurudi.

Na kwa asiyetaka malori, chukua Stardew Valley. Mtu mmoja, Eric Barone, aliijenga peke yake zaidi ya miaka minne akaitoa 2016, dola 14.99, na haifiki GB 1. Unapewa shamba lililojaa magugu na mbegu 15, basi. Siku moja ya shambani ni kama dakika 14, na gemu inahifadhi ukilala tu, kwa hiyo umeme ukikatika na betri yangu hii ya kubembeleza, ninachopoteza ni siku moja ya kumwagilia. Hiyo niliinunua GOG, duka jingine la gemu mtandaoni, badala ya Steam, kwa sababu GOG wanakupa faili la kusakinisha ulitunze mwenyewe. Liko kwenye flashi, kwenye droo, pamoja na CD za gemu za kuchoma nilizokuwa nanunua chuoni kwa elfu mbili, ambazo nusu yake zilikuwa na virusi. Uvuvi wake lakini ni mateso, sitaki kuuzungumzia.

Kaka aliondoka alfajiri. Juzi akiwa foleni Tunduma, siku ya pili, akanitumia ujumbe WhatsApp. Hakuuliza watoto. Ameuliza mkopo wa lori umebaki kiasi gani, na kama ile kazi ya kwenda Rotterdam nimeshaichukua au nimwachie.