Uzoefu wangu: kudeki sakafu ya vinaili kwa maji ya kisima, Dodoma

Kama una sakafu ya vinaili, yaani ile ya plastiki, na maji yako yanatoka kisimani, ninachokiamini nakisema mapema: ule ukungu mweupe unaouona baada ya kudeki si uchafu uliobaki, na kuongeza sabuni hakutauondoa. Ni maji yenyewe. Yakiachwa yakauke juu ya sakafu, kile yalichobeba kinabaki pale pale. Ndiyo maana dekio linalokamulika vizuri na kitambaa kikavu cha kumalizia vimenisaidia kuliko sabuni yoyote niliyouziwa. Nayaandika haya baada ya kuishi na sakafu hii Dodoma kipindi cha vumbi na kipindi cha mvua, na baada ya kutumia madekio ya aina tofauti kwa pesa yangu mwenyewe.

Nyumba yetu iko upande wa Iyumbu, kati ya nyumba mpya zilizoota kwa kasi tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huku. Maji tunayotumia ni ya kisima kirefu kilichochimbwa uani. Kwa macho ni masafi, hayana harufu, lakini birika la umeme linaota gamba jeupe, vitundu vya bomba la mvua bafuni vinaziba, na glasi ikijikaukia yenyewe inabaki na madoa ya duara. Hatuko peke yetu. Dodoma ni nchi kavu, na kwa miaka mingi mji wenyewe umetegemea visima vya bonde la Makutupora, upande wa kaskazini.

Ukitaka kujua maji yako yakoje, huhitaji maabara. Chukua chupa mbili za nusu lita zenye vifuniko. Moja tia maji ya kisima hadi nusu, nyingine maji ya mvua kiasi kile kile. Paruza sabuni ya mche, tia vipande vidogo sawa kwa sawa, funga, tikisa kwa nguvu. Nilipofanya hivyo mezani jikoni, chupa ya maji ya mvua ilijaa povu hadi shingoni na chini maji yakabaki karibu angavu. Ya kisima ilitoa povu kidogo lililozimika upesi, maji yakawa ya maziwa, na juu vikaelea vipande vyeupe vyenye mafuta vilivyong'ang'ania ukuta wa chupa. Hivyo vipande ndivyo unavyoipaka sakafu yako ukideki kwa sabuni ya mche na maji ya namna hiyo.

Sasa sakafu yenyewe. Ni vibao vya SPC vinavyopachikana bila gundi. Kiini chake ni unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa na plastiki ya PVC, juu yake kuna karatasi yenye picha ya mbao, kisha tabaka angavu la kuzuia kuchakaa, na juu kabisa mpako mwembamba wa poliurethini ndio unaotoa mng'ao. Tabaka angavu la kwetu ni milimita 0.5, yapo ya 0.3 ambayo ni ya bei nafuu zaidi. Ninachotaka ukumbuke ni huo mpako wa juu. Ukishaukwaruza au kuuchubua kwa dawa kali, sakafu inafubaa, na hakuna polishi ya kuurudisha. Fundi aliyeitandika aliniambia siku anakabidhi, "Mama, hii usiimwagie maji kama vigae. Unapangusa tu." Maneno machache, na yamenifaa kuliko karatasi iliyokuja ndani ya boksi.

Kabla ya kuhamia tuliita kampuni ndogo ya usafi. Wakamwaga maji ya kisima kwa ndoo, wakatia sabuni ya unga, wakasugua kwa brashi, wakayasukuma nje kwa mpira, kisha wakaacha milango wazi. Kwa upepo wa Dodoma sakafu ilikauka muda si muda. Jioni jua lilipopenya dirisha la magharibi, sebule nzima ilikuwa na ukungu kama pumzi juu ya kioo, michirizi ya ule mpira ikihesabika mmoja mmoja, na kila aliyepita pekupeku akiacha nyayo. Walipoitwa tena wakarudia vile vile kwa sabuni nyingi zaidi. Ukungu ukazidi.

Hesabu yake inaeleweka. Maji yenye madini mengi, hasa ya kalsiamu, huitwa magumu, na huhesabiwa kuwa magumu sana yakizidi miligramu 180 za kalsiamu kaboneti, yaani chokaa, kwa lita. Tuseme yako yana 300. Ukimwaga ndoo ya lita 20 na yote yakakaukia sakafuni, umeacha gramu 6 za unga mweupe, kama kijiko kimoja cha chai, umesambaa chumba kizima. Ukitumia dekio lililokamuliwa barabara, maji yanayobaki sakafuni hayafiki hata nusu lita, na kilichobaki ni chini ya gramu 0.2. Ukifuta kwa kitambaa kikavu kabla hayajakauka, hata hicho unakiondoa. Halafu kuna sabuni. Ya mche inashikana na kalsiamu na kuwa utando usioyeyuka. Ya unga haifanyi hivyo, ila nyingi zina magadi soda, na magadi soda huitoa kalsiamu kwenye maji iwe unga mweupe. Kwa nguo si neno, maana unasuuza. Sakafu ya vinaili huwezi kuisuuza kwa ndoo, kwa sababu maji yanayolala kwenye viungio yanapenya chini, na huko hayakauki.

Ukungu wetu niliutoa kwa siki nyeupe ya dukani, ile ya asilimia 5: kikombe kimoja cha robo lita kwenye lita 4 za maji ya mvua. Nilianza kwenye kona nyuma ya kochi nione kama mng'ao utabadilika, haukubadilika. Nikaendelea kidogo kidogo, eneo la mkeka mmoja kwa wakati: napangusa, nasubiri kidogo, napitisha kitambaa chenye maji ya mvua matupu, kisha kikavu. Kitambaa cha kwanza nilikianika bila kukisuuza, na kilipokauka kilikuwa kigumu, ukikikunja kinadondosha vumbi jeupe. Hapo ndipo mume wangu naye alipokubali kwamba tatizo ni maji.

Lakini siki si ya kudekia kila wiki. Ni tindikali, na baadhi ya watengenezaji wanaikataza kabisa, kwa hiyo soma karatasi ya waranti kwanza. Mimi ninaitumia ukungu unapoonekana tu, na imekuwa nadra. Na tafadhali, siki isikutane na Jik wala dawa yoyote ya klorini, hata kwenye ndoo uliyoimwaga bila kuisuuza. Inatoka gesi ya klorini, na gesi hiyo inaumiza mapafu. Mwambie na dada anayekusaidia nyumbani, umweleze na sababu, kwa sababu watu wengi huamini kuchanganya dawa mbili kunaongeza nguvu.

Kifaa ninachokipa alama za juu ni dekio bapa la maikrofaiba lenye ndoo yake ya matundu mawili: moja la kuoshea pedi, jingine la kukamulia. Nilinunua mjini kwa shilingi 45,000 baada ya kupatana bei. Unalisukuma dekio wima kwenye tundu jembamba, linajikamua kwa kujibana, na mkono haugusi maji machafu. Kwa sebule, sehemu ya kulia chakula na korido, lita 3 zinanitosha. Nikipitisha kiganja nyuma ya dekio nakuta unyevu tu, si maji. Nafuata mkondo wa vibao, nawekeza nguvu kwenye njia ya kutoka jikoni ambako mafuta hufika na miguu, na nyuma yangu inakuja pedi ya pili, kavu. Hiyo pedi ya pili ndiyo siri yote ya sakafu yetu kung'aa.

Kasoro zake zipo. Kwenye toleo la bei nafuu tundu la kuoshea linarudisha maji yale yale machafu, kwa hiyo utayabadilisha katikati ya kazi; tafuta lile linalotenga masafi na machafu ukiweza. Kiungo cha plastiki kati ya mpini na bapa kinalegea. Na pedi zinakakamaa. Maji magumu yanajaza nyuzi mpaka zinapoteza ulaini, na pedi iliyokakamaa inasukuma uchafu badala ya kuubeba. Ninaziloweka kwenye maji yenye siki kidogo, nazisuuza, zinarudi. Dawa ya kulainisha nguo usizitie, inapaka nyuzi mafuta na zinaacha kunyonya.

Dekio la pili lilikuwa lile lenye chupa na kifyatuo cha kupulizia. Siku za mwanzo nililipenda sana, maana hakuna ndoo. Kisha mnyunyizo ukaanza kwenda upande mmoja, baadaye ukawa matone, mwisho ukaziba. Nilipoifungua nozeli nilikuta punje nyeupe imekaa kwenye kitundu. Kuiloweka kwenye siki usiku kucha kuliizibua, lakini ilirudi tena kuziba mpaka nilipoacha kutia maji ya kisima. Kwa maji ya mvua inafanya kazi vizuri. Kama huna chanzo cha maji laini, usilinunue. Dekio la mvuke sikulileta nyumbani kabisa: joto lile linaweza kulegeza na kupinda vibao, na kwa maji yetu tanki lake lingeota gamba kama birika.

Kuhusu sabuni, tafuta iliyoandikwa kuwa pH yake ni 7 au ya kati, yaani si tindikali wala si magadi, na tumia kidogo kuliko unavyodhani: kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 5. Sabuni ya maji ya wajasiriamali wetu nayo inafaa, kwa masharti. Msingi wake ni ungaroli na salfoniki, kemikali za kutoa povu na uchafu, ambazo hazigandi na kalsiamu kama ya mche. Lakini wengi huiongezea chumvi ya kawaida ili iwe nzito, na wengine huzidisha magadi soda. Chumvi ikikauka nayo inaonekana. Muulize anayekutengenezea; yule ninayenunua kwake mimi hunipimia ambayo haijatiwa chumvi, ni nyepesi kama maji lakini inatoa mafuta vizuri, na karatasi ya kupimia pH haibadiliki sana rangi.

Maji ya mvua ndiyo yaliyobadilisha kila kitu kwetu. Mvua ya Dodoma ni ya Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka ni kama milimita 570 tu. Inasikika kidogo, lakini kila milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita za mraba 100 kwa msimu linapokea maelfu ya lita, na mimi kwa kudeki nahitaji lita chache kwa wiki. Tuliacha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa, kisha tukaelekeza mfereji kwenye simtanki ya lita 1,000 ambayo ni ya usafi na kufulia nguo nyeupe pekee. Inatuvusha kiangazi chote, kwa sababu hatumwagi. Ndugu zangu wa Dar na Tanga mna chanzo kingine ambacho hapa kwetu hewa ni kavu mno kukitegemea: maji yanayotona kwenye bomba la kiyoyozi. Hayo hayana kalsiamu, ni mvuke uliopoa. Tegesha ndoo, utadekia bure. Wengine watakushauri uchemshe maji. Kuchemsha kunaondoa sehemu tu ya ugumu, na gharama ya mkaa au gesi haiendani na kazi yenyewe. Mashine ya kulainisha maji ya nyumba nzima ni nzuri kwa hita na bomba zako, ila kwa sakafu peke yake ni gharama isiyo na sababu.

Mengine ni ya haraka. Vumbi letu lina mchanga, kwa hiyo fagia kwa ufagio laini kabla ya kulowesha chochote, la sivyo dekio linakuwa msasa. Steelwool, Vim na thina visiikaribie. Polishi ya nta inayong'arisha sakafu ya saruji haishiki kwenye vinaili; inateleza na kukusanya vumbi. Na angalia kapeti za mlangoni zenye mpira chini: kemikali za mpira huhamia kwenye vinaili na kuacha doa la njano lisilotoka kwa siki wala sabuni. Dada yangu anayeishi Singida analo moja la umbo kamili la kapeti, mbele ya mlango wake. Nunua yenye mgongo wa kitambaa.

Ukienda kununua dekio bapa, usiangalie bei ya boksi tu. Muulize muuzaji kama pedi za akiba zinauzwa peke yake na kwa ukubwa ule ule, kwa sababu za mwanzo zikichakaa bila akiba utabaki na mpini. Mimi nilichukua nne za ziada siku ile ile: mbili za kulowesha, mbili za kukaushia, za rangi tofauti ili zisichanganywe kwenye kamba.