HandBrake: dawa ya video zinazokataa kuingia kwenye programu ya kuhariri, lakini si dawa ya kwanza

Kila anayehariri video nyumbani amewahi kukutana na hali hii: faili inaburutwa hadi kwenye programu ya kuhariri, kisha unatokea ujumbe kwamba aina yake haitambuliki, au sauti inaingia bila picha, au picha inaingia bila sauti. Ajabu ni kwamba faili hiyohiyo ikifunguliwa kwa VLC, programu ya kuchezea video, inacheza vizuri tangu mwanzo hadi mwisho. Ushauri ambao mtu hupewa mara nyingi katika hali hiyo ni mfupi: ipitishe kwenye HandBrake. Nimeufuata ushauri huo kwa miaka kadhaa, mara nyingine kwa mafanikio makubwa na mara nyingine kwa kupoteza usiku mzima bila sababu, na tathmini hii inahusu tofauti ya hali hizo mbili.

HandBrake ni programu ya bure ya kugeuza video kutoka muundo mmoja kwenda mwingine, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ilianza mwaka 2003 na haikufikia toleo lake la 1.0 hadi Desemba 2016, jambo linaloonyesha jinsi waundaji wake wasivyo na haraka. Hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, haina matangazo wala alama inayobandikwa juu ya video, na nembo yake ni nanasi lililo kando ya glasi ya kinywaji, jambo ambalo halina uhusiano wowote na video. Ni muhimu kuipakua kutoka tovuti yake rasmi, handbrake.fr, na kuepuka tovuti nyingine zenye majina yanayofanana nayo. Hata waundaji wenyewe waliwahi kuingiliwa Mei 2017, pale seva mojawapo ya kupakulia ilipodukuliwa na toleo la Mac likabadilishwa kwa lenye programu hasidi, na kwa siku chache waliopakua kutoka huko walikuwa hatarini.

Kabla ya kueleza inafanya nini, ni lazima kueleza kwa nini VLC inaweza kucheza kile ambacho programu ya kuhariri inakikataa. VLC hubeba ndani yake karibu kila kodeki inayohitajika, yaani njia ya kubana na kufungua picha au sauti, na kazi yake ni kucheza tu, kwa hiyo ikikuta kasoro ndogo huiruka na kuendelea. Programu nyingi za kuhariri hutegemea kodeki za mfumo wa kompyuta au zile zilizolipiwa leseni, na zinahitaji kuifikia kila fremu, yaani kila picha moja moja inayounda video, kwa uhakika, mbele na nyuma, ndiyo maana hazivumilii faili yenye utata. Kwa hiyo jina linaloishia na .mp4 halithibitishi lolote. MP4 ni kasha tu la kubebea picha na sauti, na ndani ya kasha hilo inaweza kuwamo picha iliyobanwa kwa kodeki ya H.264 ambayo karibu kila programu huielewa, au ya HEVC ambayo simu nyingi huitumia siku hizi kwa kuwa faili zake ni ndogo zaidi. iPhone zilianza kuitumia na iOS 11 mwaka 2017. Kompyuta ya Windows isiyo na kiendelezi cha HEVC huweza kulipokea kasha bila kuweza kukisoma kilichomo.

Hapa ndipo HandBrake inapostahili sifa zake. Faili ya HEVC iliyokataliwa huingizwa upande mmoja na kutoka upande wa pili ikiwa H.264 ndani ya MP4, na sijawahi kuona programu ya kuhariri ya kawaida ikiikataa faili hiyo. Sifa kubwa zaidi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoifanya programu hii isikosekane kwenye kompyuta ya mhariri wa nyumbani, ni uwezo wake wa kutibu kasi ya fremu inayobadilikabadilika. Simu na programu za kurekodi skrini mara nyingi hazirekodi fremu 30 kamili kila sekunde. Mwanga ukipungua au prosesa ikielemewa, kasi hushuka, kisha hupanda tena. Programu ya kuhariri ikichukulia kwamba kasi ni moja wakati wote, midomo na sauti huanza pamoja lakini dakika ya kumi mtu anaonekana akisikika kabla hajafungua kinywa. Wengi hudhani ni kosa la maikrofoni. Kwenye HandBrake hufunguliwa kichupo cha video, huchaguliwa kasi ileile ya chanzo au namba kamili kama 30, na kisha, hili ndilo watu hulisahau, huwekwa alama kwenye chaguo la kasi isiyobadilika. Mipangilio mingi iliyoandaliwa tayari huiacha kasi ibadilike chini ya kikomo fulani, kwa hiyo mtu anaweza kugeuza klipu ishirini na kubaki na ugonjwa uleule.

Ipo pia mipangilio iliyoandaliwa mahsusi kwa wahariri, inayoanza na neno Production, na ni ajabu kwamba haitajwi sana. Hiyo hutoa faili kubwa, wakati mwingine kubwa kuliko ya awali, kwa sababu nia yake ni kuhifadhi ubora utakaohimili kuhaririwa na kutolewa tena, na si kubana nafasi. Anayetumia mipangilio ya kawaida afahamu kwamba kipimo cha ubora huenda kinyume na matarajio: namba ikipungua, ubora huongezeka. Kwa klipu zitakazohaririwa mimi hutumia 16 hadi 18, na huona 22 ikitosha kwa video iliyokamilika ya kutazama tu.

Sasa kasoro zake, na ya kwanza ndiyo iliyonifanya niandike. HandBrake haiwezi kubadilisha kasha bila kuiandika upya picha yote. Sauti inaweza kupitishwa kama ilivyo, lakini picha haiwezi. Hali ya kawaida ni ya mtu aliyerekodi skrini kwa programu ya OBS katika kasha la MKV, chaguo lenye busara kwa sababu MKV huokoka kompyuta ikizimika ghafla, kisha programu yake ya kuhariri ikaikataa MKV ingawa ndani yake mna H.264 safi kabisa. Nilipokuwa sijui, niligeuza rekodi ya saa tatu ya namna hiyo kwa HandBrake, kompyuta ikaunguruma hadi alfajiri, na nikapata faili ambayo ubora wake ulikuwa umeshuka kidogo kuliko niliyoanza nayo. Kilichohitajika ni kuihamisha picha na sauti kutoka kasha moja kwenda jingine, kazi ambayo OBS yenyewe huifanya kupitia menyu yake ya faili, na ambayo FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, huifanya kwa mstari mmoja: ffmpeg -i rekodi.mkv -c copy rekodi.mp4. Kazi hiyo huchukua muda unaokaribia wa kunakili faili tu, na hakuna hata nukta moja ya picha inayobadilika.

Kwa sababu hiyo siifungui tena HandBrake kabla ya kuichungulia faili kwa MediaInfo, ambayo nayo ni ya bure na huonyesha kasha, kodeki ya picha, kodeki ya sauti, kina cha rangi kwa biti na kama kasi ya fremu ni thabiti au hubadilika. Mistari hiyo mitano hutosha kuamua. Kama kodeki ni H.264 na kasi ni thabiti, tatizo liko kwenye kasha, kwenye sauti au nje ya faili kabisa. Faili iliyobaki kwenye hifadhi ya mtandaoni huku kompyutani likionekana jina lake tu hukataa kuingia kwa ujumbe uleule, na vivyo hivyo faili iliyonakiliwa nusu kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu. Programu ninayoitumia kuhariri, ambayo sitaitaja, huonyesha ujumbe mmoja kwa makosa yote haya, na hilo naliona kuwa uzembe.

Kasoro ya pili inahusu rangi. Video ya HDR, yaani yenye wigo mpana zaidi wa mwanga na rangi, ya biti 10 ikigeuzwa kuwa H.264 ya biti 8 bila uangalifu hutoka ikiwa imepauka, kana kwamba imepigwa nyuma ya moshi. Ni afadhali kuzima HDR kwenye simu kabla ya kurekodi. Tatu, HandBrake haifufui faili iliyovunjika. Simu ikizimika katikati ya kurekodi, faharasa inayoonyesha kila kipande cha video kiko wapi, ambayo kwa kawaida huandikwa mwishoni mwa faili ya MP4 haiandikwi, na HandBrake itasema tu kwamba haikuona chanzo halali. Kwa ajali hiyo kuna programu ya bure iitwayo untrunc, ambayo huazima mfano kutoka faili nzima iliyorekodiwa na simu ileile kwa mipangilio ileile. Haifaulu kila mara.

Kuhusu kasi ya kazi, kompyuta yenye kadi ya michoro inayojua kuandika video humaliza mapema zaidi mtu akichagua njia hiyo badala ya prosesa, ingawa kwa ukubwa uleule wa faili picha huwa duni kidogo. Kwa klipu nyingi za siku moja mimi huzipanga zote kwenye foleni, ambayo HandBrake huisimamia vizuri, kisha huenda kulala. Kwa klipu moja yenye thamani huiachia prosesa ifanye kazi polepole, na faili ya awali siifuti hadi mradi uwe umetolewa na kutazamwa wote.