Mayai ya atemia ya kopo kwa vifaranga wa samaki wa magambani: niliyoyaona baada ya kuyatumia

Kopo ni la bati, gramu 50, mayai makavu ya atemia, vijidudu vya maji ya chumvi vya jamii ya kamba, yaliyovunwa Great Salt Lake kule Utah, Marekani. Nililipata Kariakoo kwa shilingi 35,000, na bei hiyo ndiyo inayowafanya wengi walishike, waligeuze, kisha walirudishe kwenye rafu. Mimi nalinunua na nitaendelea kulinunua. Ila nawasihi wenzangu wanaofuga samaki wa mapambo: usiloweke mayai haya kabla hujajua kumsoma jike wako. Atemia akishaanguliwa anaishi kwa kiini alichotoka nacho, na saa chache tu baadaye kile kilichomfanya awe chakula bora kimekwisha. Ukiangua mapema mno unalisha maji. Ukichelewa, vifaranga wanalala njaa.

Samaki wangu ni wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Ninao wa aina mbili, kila aina na tangi lake: multifasciatus mwenye michirizi mwili mzima, na ocellatus mwenye doa kwenye kifuniko cha shavu. Dume la multifasciatus halizidi sana sentimita 4, jike ni mdogo zaidi, na hawa ni wa ukoo mmoja na kuhe, yule mkubwa anayeliwa Kigoma. Hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Kwa multifasciatus, wengi hudanganywa na uchimbaji. Wanaona mchanga unarushwa huku na huku, wanasema tayari, wanataga. Hapana. Hawa huchimba mwaka mzima, ndiyo maisha yao. Tazama jike aliyejaa tumbo anapong'ang'ania gamba moja, anaingia na kutoka, anajitetemesha mbele ya dume pale mlangoni. Hutaga ndani, na dume humwaga mbegu akiwa kwenye mdomo wa gamba. Baada ya hapo utamwona jike amekuwa mwembamba. Anatoka kudokoa chakula na kurudi mbio, anawafukuza hata majirani aliokuwa akiwavumilia jana, na ukisogeza macho karibu na kioo utaona mapezi yake yakipeleka maji ndani. Mayai huanguliwa kwa siku 2 au 3, lakini vifaranga hawaonekani mpaka ipite wiki moja hivi au zaidi kidogo. Huo muda wote kopo langu halifunguliwi. Siku ninapoona kifaranga wa kwanza mlangoni, mwembamba kama uzi, ndiyo jioni hiyo naloweka mayai.

Ocellatus ni hadithi nyingine. Hufukia gamba mchangani mpaka linabaki tundu tu, na jike mwenye watoto hana woga: ukiingiza mkono kusafisha kioo anaujia. Vifaranga wake wa kwanza huwalinda vizuri sana, kisha akipata uzao mwingine anawageuka na kuwafukuza wale wakubwa. Ndugu zao wa michirizi huishi pamoja, wakubwa kwa wadogo, vizazi juu ya vizazi. Kwa hiyo mtoto wa ocellatus anashindana na wakati. Inabidi awe amekua kiasi cha kuhamishwa kabla mama hajabadilika, na hapo ndipo kopo hili linaporudisha fedha yake.

Kuangua kwenyewe si kazi ngumu. Nakata kitako cha chupa ya maji ya lita moja na nusu, naigeuza mdomo chini kifuniko kikiwa kimekazwa, natia lita moja ya maji na gramu 25 hadi 30 za chumvi ya mawe. Nusu kijiko cha chai cha mayai, mpira wa pampu ya hewa ukifika mpaka chini kabisa ili yasitulie, na taa pembeni. Joto la Dar es Salaam linatosha bila hita. Baada ya saa 24 maji yamegeuka rangi ya chungwa. Nazima hewa, maganda yanaelea, atemia wanashuka chini wakifuata mwanga nilioushusha huko. Nawavuta kwa mpira, nawachuja kwenye kipande cha leso iliyochakaa, nawasuuza kwa maji yasiyo na chumvi. Usipuuze kuyatenga maganda, hayamsaidii kifaranga na yanaweza kumziba tumbo. Kulisha natumia bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone mbele ya mdomo wa gamba. Kidogo tu, maana atemia hawadumu katika maji yasiyo na chumvi, na wakifa wengi maji yanachafuka.

Sasa kasoro. Lebo inaahidi asilimia 90 ya mayai kuanguliwa. Kopo likiwa jipya, matokeo ni mazuri kweli. Lakini kifuniko cha plastiki hakibani vizuri ukishaondoa kile cha bati, na unyevu wa pwani unayaharibu mayai taratibu. Mtengenezaji angeweka kifuniko cha kukaza, tungepata mengi zaidi kwa bei ileile. Mimi huyahamishia kwenye chupa ndogo ya kioo kavu na kuiweka kwenye friji, na ninachotoa ni cha siku hiyo tu. Umeme nao: ukikatika usiku, mayai yanatulia chini na uzao wake unakuwa hafifu. Pampu ndogo ya betri ni lazima.

Kiini cha yai la kuku, ambacho wengi hutumia, ni rahisi lakini huozesha tangi dogo haraka mno, na samaki hawa hawavumilii maji machafu. Chakula cha unga kinasaidia, ila vifaranga hufuata zaidi kinachotembea.

Naipa nyota nne kati ya tano. Mwenye kundi kubwa la multifasciatus peke yake anaweza kuishi bila kopo hili. Watoto watakua polepole kwa makombo na vijidudu vya mchangani. Mwenye ocellatus anunue, tena kopo dogo, lisikae wazi muda mrefu.