Mtoaji ini mwenye chembe sahani chache: akataliwe au achunguzwe?

Ndugu wa Dodoma anayejitolea kipande cha ini, akikutwa na chembe sahani (chembe zinazosaidia damu kuganda) chini ya 150,000 kwa mikrolita moja ya damu, anaweza kukataliwa papo hapo, uamuzi mwepesi unaomkinga asivuje damu wakati wa upasuaji. Kutafuta chanzo huchukua muda, lakini naona ndiko kumtendea haki: pengine chembe zimeshikamana tu ndani ya kichupa chenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, na damu ikichukuliwa upya kwenye kichupa chenye sitreti, kemikali nyingine ya kazi hiyo, kisha tone likatazamwa kwa hadubini, hesabu huonekana ya kawaida. Chanzo kikiwa malaria, hutibiwa, kipimo kikarudiwa. Bandama iliyovimba na kuzinasa chembe hizo kwa sababu ya kichocho kilichotia ini makovu ni jambo jingine kabisa. Mwenye hali hiyo asipasuliwe, hata familia ikisihi.