Mteule wa Mystra mezani: mapitio ya kitabu cha Forgotten Realms cha mwaka 2001

Kitabu kinachoitwa Forgotten Realms Campaign Setting, kilichotolewa na Wizards of the Coast mwaka 2001, kina kurasa 320, jalada gumu lililotengenezwa mfano wa kitabu cha kale, na ramani kubwa ya kukunjwa inayoonyesha Faerûn, bara la dunia ya kubuni iitwayo Forgotten Realms. Bei yake kilipotoka ilikuwa dola 39.95. Kiliandikwa na Ed Greenwood, Sean K. Reynolds, Skip Williams na Rob Heinsoo kwa ajili ya toleo la tatu la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliobuniwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, ambamo kila mchezaji hubeba nafsi ya mhusika mmoja, msimamizi husimulia dunia inayowazunguka, na dadu huamua yale ambayo hayawezi kuamuliwa kwa maneno. Nimekitumia kitabu hiki kusimamia mchezo wa marafiki watano kwa zaidi ya miaka mitatu. Mengi yameshasemwa kuhusu ramani zake na orodha zake za miji. Mimi nataka kukipima kwa jambo moja tu, nalo ni namna kinavyomshughulikia mjuzi wa sihiri aliyeteuliwa na mungu kuwa shujaa wake.

Mhusika huyo anaitwa Elminster. Anaishi katika mnara kwenye bonde la Shadowdale, amevuka umri wa miaka elfu moja, na ni mmoja wa Wateule wa Mystra, mungu wa kike wa sihiri. Ili kuelewa maana ya uteule huo, msomaji hana budi kuelewa kwanza kitu ambacho kitabu kinakiita Weave. Katika dunia hii sihiri haitoki moja kwa moja katika nguvu za mtu. Iko kama kitambaa kilichofumwa kuzunguka vitu vyote, na kila anayefanya sihiri anavuta nyuzi zake. Mystra ndiye mlinzi wa kitambaa hicho. Mezani kwetu tuliita Mfumo, na nilifurahi sana kugundua kwamba lugha yetu ilikuwa imetutangulia, kwa sababu neno hilo limetokana na kufuma na papo hapo linabeba maana ya utaratibu mzima unaoshikamana. Mchezaji mpya hakuhitaji maelezo zaidi ya hayo.

Sababu ya kuwapo kwa Wateule inaelezeka kwa historia ambayo kitabu kinaisimulia vizuri. Karne nyingi zilizopita, katika milki ya Netheril, mjuzi mmoja aliyeitwa Karsus alijaribu kunyakua uungu wa yule aliyekuwa akiulinda Mfumo wakati huo, Mystryl. Mfumo ukaanza kuvurugika, miji iliyokuwa ikielea angani ikaporomoka, na Mystryl akajitoa mhanga ili kuukata uzi kabla dunia nzima haijaangamia. Kisha akarudi kwa jina la Mystra. Kwa hiyo Wateule wa Mystra si wapenzi wa mungu waliopewa zawadi kwa sababu ya wema wao. Ni watu waliowekezwa sehemu ya nguvu zake mwenyewe, ili nguvu hizo zisiwe zote mahali pamoja siku mungu atakapoanguka. Ni kama familia inayogawa akiba yake kwa ndugu kadhaa badala ya kuificha chini ya godoro moja. Nilipolielewa jambo hilo, nilianza kumwona Elminster kwa jicho jingine kabisa: si mfalme wa wajuzi, ni mtunza amana.

Kwa upande wa kanuni, kitabu ni karimu mno. Mteule hazeeki, hapatwi na maradhi, sumu haimdhuru, na anaweza kukaa bila usingizi ingawa akili yake bado inahitaji mapumziko ili kuandaa sihiri. Juu ya hayo anao moto wa fedha, ambao ndio alama ya Mystra ndani yake, na ambao unaweza kurushwa kama silaha au kuvunja vizuizi vya sihiri ambavyo kwa mwingine visingevunjika. Ngazi za Elminster, yaani vipimo vya nguvu ya mhusika, zinapita kwa mbali ile ngazi ya 20 ambayo kanuni za kawaida ziliishia. Na hayuko peke yake: Khelben yupo katika mji wa Waterdeep, na Simbul, malkia wa Aglarond, anaizuia nchi jirani ya Thay pamoja na Szass Tam, mmoja wa watawala wa Thay, maiti anayeendelea kuishi kwa sihiri. Takwimu zimepangwa kwa uangalifu, na msimamizi anayetaka kujua Mteule anaweza kufanya nini katika pambano la dakika moja atalipata jibu.

Tatizo ni kwamba hilo ndilo swali lisilo na faida kubwa mezani. Katika miezi yangu ya mwanzo nilimleta Elminster kila wachezaji walipozidiwa. Alikuja, akafungua mkono, adui akatoweka. Siku moja mchezaji mmoja, dada mtulivu ambaye kwa kawaida husema machache, aliweka dadu zake chini akaniuliza: “Kama mzee huyu anaweza yote haya, sisi tumekuja kufanya nini?” Sikuwa na jibu, nikarudi kitabuni kulitafuta. Limo, kwa sehemu. Waandishi wanalikabili swali hilo waziwazi, na hoja yao ya msingi ni kwamba wenye nguvu hulindana kwa macho: Mteule akiondoka kwenye mnara wake kwenda kuwafukuza majambazi wa kijiji fulani, kuna maadui wa kimo chake wanaolisubiri pengo hilo, na pambano kati ya watu wa namna hiyo lingeteketeza kijiji kilichokusudiwa kuokolewa. Hoja hii ni nzuri, na tangu nilipoanza kuitumia mchezo wetu ulipona. Lakini imewekwa kama tahadhari kwa msimamizi, mbali na mahali ambapo mhusika mwenyewe anaelezwa, wakati ilistahili kuwa kiini cha maelezo yake.

Hapa nawaza jinsi sisi tulivyolelewa kumsikia Fumo Liyongo. Hakuna msimulizi anayemtaja bila kutaja sindano ya shaba na kitovu, kwa sababu nguvu zake na siri ya kifo chake ni habari moja isiyogawanyika, na anayeipeleka sindano hiyo ni mwanawe mwenyewe. Elminster wa kitabu hiki amepewa nguvu ukurasa mzima, lakini sindano yake haikutajwa. Nami naamini anayo. Mwaka 1358 wa kalenda ya Faerûn, miungu ilipotupwa duniani kuishi kama viumbe wa kufa, Mystra aliuawa, na mwanamke wa kawaida aliyeitwa Midnight, mjuzi wa sihiri, akakipokea kiti chake na jina lake. Kitabu kinaanzia mwaka 1372, yaani miaka 14 tu baadaye. Mtu amemtumikia bibi mmoja kwa zaidi ya miaka elfu, akampenda, akampoteza, na sasa anapokea amri kutoka kwa anayeitwa kwa jina lilelile, mwenye cheo kilekile, ambaye juzi tu alikuwa msafiri anayeogopa mvua. Je, anatii kwa moyo? Anamsahihisha? Analia akiwa peke yake mnarani? Hilo peke yake lingetosha kuendesha mchezo wa mwaka mzima, lakini waandishi wanalipita kwa sentensi chache na kuendelea na orodha ya vifaa vya sihiri.

Ninalisema hili nikijua kwamba Greenwood, mtunzi wa dunia hii tangu utoto wake huko Kanada, alikuwa na Elminster wa aina nyingine kabla. Katika kisanduku cha kwanza cha vitabu na ramani za Forgotten Realms, alichokiandaa pamoja na Jeff Grubb kwa kampuni ya TSR mwaka 1987, Elminster alikuwa sauti zaidi kuliko mpiganaji: mzee anayeongeza maneno yake pembeni ya maelezo ya nchi na watu, mwenye maoni, mwenye kumbukumbu, na mwenye kukosea pia. Huyo ndiye msaada mkubwa kwa msimamizi, kwa sababu wachezaji wanaweza kumwendea mzee kuuliza habari, wakaondoka na nusu ya ukweli na mzigo wote wakiwa nao wao. Kitabu cha 2001 kimepata usahihi kikapoteza sauti hiyo, na kwangu hiyo ndiyo hasara yake kubwa kuliko zote.

Kuna suala la lugha ambalo halimo kitabuni lakini litamkabili kila anayekitumia kwa Kiswahili. Mchawi, kwetu, ni mtu anayedhuru kwa siri. Hakuna mchawi mwema, na kumwita Elminster mchawi ni kumhukumu kabla hajafungua mdomo. Mganga naye hutibu na kuagua, jambo ambalo si kazi yake. Tulichagua mjuzi wa sihiri, na hata hapo nilizungumza na wachezaji kabla ya kuanza, kwa kuwa sihiri ni neno zito kwa waliosoma madrasa, na nilitaka kila mmoja akae mezani akiwa ametulia, akijua kwamba tunacheza katika dunia ya kubuni. Neno Mteule, kinyume chake, lilikaa mahali pake bila kusukumwa. Kila mmoja mezani alielewa mara moja kwamba mteule ni mtu aliyetumwa, na kwamba aliyetumwa hana uhuru wa kufanya apendavyo. Uelewa huo ulimrekebisha Elminster wetu kuliko kanuni yoyote iliyochapwa.

Dosari nyingine ni za mpangilio. Habari za Wateule hazikukusanywa pamoja: kanuni zao zimeambatana na wahusika katika sura ya nchi na miji, dini ya Mystra iko kwenye sura ya miungu, na historia ya Netheril iko kwingine tena, hivyo nililazimika kutumia vipande vya karatasi kama alamisho ili nisiwachoshe wachezaji kwa kupekua. Herufi ni ndogo na kurasa zimejazwa hadi ukingoni. Pia hakuna mwongozo wowote kwa mchezaji ambaye mhusika wake mwenyewe anaitwa na Mystra, na kwa kimya hicho uteule unabaki kuwa mali ya wahusika wa msimamizi. Sisi tulijitungia: uteule ulitolewa mara moja, kwa mhusika aliyekuwa tayari kuukataa, na kila alipotumia moto wa fedha nilimtaka achague kumbukumbu moja ya maisha yake ya zamani ambayo haitarudi tena.

Pamoja na hayo yote, naendelea kukipendekeza kuliko matoleo yaliyofuata kwa anayetaka kumtumia mhusika wa aina hii. Toleo la nne, mwaka 2008, lilimuua Mystra tena, likauvuruga Mfumo na kuiruka karibu karne nzima. Toleo la tano limemrudisha, lakini Wateule hawana tena nafasi pana kama hii. Nakala za karatasi sasa hupatikana kwa mkono wa pili, na nakala ya kielektroniki inauzwa mtandaoni kwa njia halali. Atakayeinunua aanze na historia ya Netheril, asome habari za Mystra, kisha bonde la Shadowdale, na takwimu za Elminster aziache hadi wachezaji wake wawe wameshaketi na mzee huyo walau mara mbili kwa mazungumzo tu.