Hezi 440 au 432?

Miongoni mwa wapenzi wa muziki wa kielektroniki ubishi huu hauishi: noti ya La, ambayo vyombo hutuniwa kwayo, ikae kwenye hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), au ishushwe hadi 432? Pengo lenyewe ni dogo, kama theluthi ya nusu toni, yaani ya hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za piano.

440 ilikubaliwa kwenye mkutano wa London mwaka 1939, kisha shirika la viwango la ISO likaipitisha mwaka 1955. Sinthesaiza (ala za umeme za kuunda sauti) na programu za studio huanzia hapo. Kwa DJ hilo ni jambo kubwa. La ya 440 ikikutana na ya 432, sauti inayumba mara 8 kila sekunde, na mseto mzima unasikika umepotoka.

Wanaotetea 432 husema inaendana na maumbile. Sikubaliani nao kabisa. Hezi huhesabiwa kwa sekunde, na sekunde ni kipimo tulichojipangia binadamu. Verdi, mtunzi wa opera wa Italia, aliiunga mkono 432 kweli, ila alichotaka hasa ni kipimo kimoja kwa wanamuziki wote. Isitoshe, ukiushusha wimbo kwa kupunguza kasi, mapigo 128 kwa dakika yanakuwa karibu 125.7, na utulivu ambao watetezi hao huusifu huenda unatoka hapo.

Kwa muziki wa kucheza nachagua 440 bila kusita. Mtunzi wa muziki wa utulivu anayetuni vyombo vyake vyote kwa 432 tangu mwanzo, namheshimu, na rangi yake nzito kidogo inanivutia. Ila wimbo uliokwisha kufanyiwa masteringi (marekebisho ya mwisho ya sauti) usiguswe: fundi aliupima ukiwa kwenye kasi yake.