Begi la fremu la kubebea mtoto: miezi sita mgongoni, kutoka Tanga hadi Irente

Begi hili nililinunua mwezi wa nne kwa muuza mitumba wa hapa Tanga. Alianza na 140,000, tukaishia 90,000. Nembo yake imefutika kwa jua na kufuliwa, kwa hiyo nitaeleza umbile lenyewe. Lina fremu ya alumini, kiti cha kitambaa kilichoinuliwa juu ya mabega ya mbebaji, mkanda mpana wa kiunoni, mikanda miwili ya mabegani, na ndani yake mikanda mingine ya kumfunga mtoto kifuani. Chini kuna mguu unaokunjuka ili begi lisimame lenyewe, na chini ya kiti kuna mfuko wa zipu wa kuweka nepi na chakula. Juu kuna kitambaa cha kivuli.

Sababu ya kulinunua ni picha. Kwa miaka saba nimekuwa nikipiga picha za mandhari: mikoko asubuhi, mashamba ya mkonge kando ya barabara ya Muheza, na zaidi ya yote milima ya Usambara, ambako ndiko kwao mke wangu. Binti yetu alipozaliwa kamera ililala kabatini karibu mwaka na nusu. Kwenda peke yangu Jumamosi nzima na kumwachia mwenzangu mtoto sikupenda, na yeye alinieleza wazi kwamba naye anataka kutoka, kuona milima ya kwao na sio kuonyeshwa picha zake jioni. Tukakubaliana twende wote watatu, au tusiende.

Kwanza hesabu ya uzito, kwa sababu wengi huiruka. Lebo ya ndani inasema begi lisizidi kilo 22, pamoja na mtoto, mizigo na begi lenyewe. Begi peke yake ni kama kilo 3. Binti yangu mwezi wa nane alikuwa na kilo 12 na nusu, akiwa na miaka miwili na miezi miwili. Weka maji lita moja na nusu, nguo na chakula kilo 2, stendi ya kamera kilo moja na nusu iliyofungwa ubavuni. Tayari uko 20 na nusu. Kamera yenyewe naivaa kifuani, haiingii kwenye hesabu ya begi lakini inaingia kwenye hesabu ya magoti yangu. Nilifanya mazoezi wiki tatu nikizunguka nae mtaani jioni kabla ya kufikiria mlima, na nashauri hivyo kwa moyo wote. Siku ya kwanza mabega yaliniuma kwa sababu nilikaza mikanda ya mabegani kwanza. Mkanda wa kiunoni ndio unaobeba. Ukaze huo juu ya mifupa ya nyonga, ndipo uvute ya mabegani taratibu, utasikia mzigo unashuka.

Safari ya basi sitaieleza sana. Tanga, Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, halafu ule mpando wa kona kupitia Soni hadi Lushoto. Konda alitaka begi likae kwenye buti, na kweli fremu haikunjiki ikaisha, kwa hiyo ukisafiri kwa kosta jua hilo mapema. Kuanzia Mombo tulimweka mtoto dirishani na hatukumpa kitu cha kula mpaka tulipofika.

Mama mkwe alilitazama begi likiwa limesimama uani kwake, akalizunguka, akashika fremu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hiki ndicho anachokaa mjukuu wangu?"

Nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema mtoto abebwe mahali anaposikia mgongo wa mtu. Hakusema zaidi. Ila asubuhi tulipoondoka alimkabidhi mke wangu kitenge kizito kilichokunjwa, na nashukuru kwamba tulikipokea.

Tulianza na Irente. Kutoka Lushoto mjini ni kama saa moja na nusu kwa mwendo wa watu wenye mtoto, njia inapita kati ya mashamba ya mahindi na maharage, nyumba za udongo mwekundu, na watoto wa shule wanaokuamkia kwa Kisambaa. Hapa begi lilinipa kile nilichokinunulia. Mikono yote miwili ilikuwa huru. Nilitembea, nikasimama, nikapiga, nikaendelea, na binti juu yangu akitazama mbele badala ya kutazama vumbi. Kwa mbeleko nisingeweza. Nimejaribu, na kila nikiinua kamera kitambaa kinalegea kifuani. Kwa kumshika mkono ndiyo kabisa, mwendo wote unakuwa wa kuokota mawe, jambo ambalo lina raha yake lakini hamfiki.

Upigaji wenyewe ulibadilika kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuniambia. Mtu aliyebeba mtoto hai mgongoni hatulii. Binti yangu akicheka, mwili wangu unatikisika. Akinyoosha mguu, fremu inanivuta upande. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, ya sekunde 1/60, ambayo zamani nilishika kwa mkono bila shida kwenye lenzi pana, ilinipa picha tano mfululizo zenye ukungu wa mtikisiko. Nikapandisha hadi 1/250, nikaacha tundu la lenzi kwenye f/8, nikairuhusu ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande hadi 800 hata kwenye mwanga mzuri. Chembechembe kidogo kwenye anga zinavumilika. Mtikisiko hauna dawa.

Kingine: huwezi kuchuchumaa. Picha nyingi za mandhari ninazozipenda zina jiwe au ua karibu na lenzi na milima nyuma, na hizo zinataka upige goti au ulale kifudifudi. Ukiwa na kilo 20 zilizoinuliwa juu ya mabega, kuinama kutoka kiunoni ni hatari, maana uzito uko juu na unakusukumia mbele kwa kichwa. Ukitaka kushuka, kunja magoti mgongo ukiwa umenyooka, na ushuke kidogo tu. Kwa hiyo picha zangu zote za siku ile zimepigwa kwa urefu wa mtu aliyesimama. Niliumia kidogo mwanzoni. Baadaye nikaanza kutafuta mistari badala ya mawe: kingo za matuta ya mashamba, barabara inavyokata bonde, kivuli cha mlima kinavyorudi nyuma juu ya tambarare.

Pale Irente ardhi inakatika ghafla. Uko kwenye mwamba, na chini yako, karibu mita 1,000, kuna tambarare ya Mazinde na Mombo, mistari ya mkonge, barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, na nchi ya Wamasai ikipotelea magharibi. Kabla ya kufika tulikuwa tumekubaliana sheria, na tulizishika. Mtoto akiwa mgongoni, sisogei ukingoni. Hatua nne nyuma ndio mwisho. Siweki jicho kwenye kamera nikiwa natembea, hata hatua moja. Na ule mguu wa kusimamisha begi hautumiki kabisa mahali kama pale. Ni mguu wa kumpakilia mtoto kwenye ardhi sawa, mkono wako ukiwa umeshika fremu. Mtoto akijitupa upande mmoja begi linaanguka naye ndani, nililiona hilo nyumbani juu ya zulia na linatosha. Nilipotaka kutumia stendi, binti alishuka akakaa na mama yake mbali na ukingo wakala mkate wa ngano na jibini tuliyonunua Irente Farm. Mkate ule uufuate hata kama huna kamera.

Tulikaa mpaka jua lishuke, na hapo ndipo begi lilipotuangusha.

Mwezi wa nane Usambara kuna baridi. Mimi niliyekuwa nimepanda na mzigo nilikuwa natoka jasho, shati limelowa, nikadhani wote tuna joto. Mtoto wa kwenye begi hatembei. Amekaa, miguu inaning'inia, upepo unampiga pande zote, na fremu imemtenga na mgongo wako kwa hiyo joto lako halimfikii. Mke wangu ndiye aliyemshika nyayo, akanyamaza, akanitazama. Zilikuwa za baridi kiasi kwamba nilisahau jua lililokuwa linazama nyuma yangu. Binti hakuwa amelia hata kidogo, na hilo ndilo linalonikaa moyoni mpaka leo. Tulimtoa, mama yake akamfunga mgongoni kwa kile kitenge cha bibi, akamfunika na kanga juu, na katika dakika chache akalala. Kumbuka pia kwamba ndani ya begi usingizi wake ulikuwa wa tabu, kichwa kinaangukia pembeni licha ya kimto kilichoshonewa, mpaka mtu atembee nyuma akikishikilia. Kwenye mbeleko shavu linakaa mgongoni na kazi imeisha.

Mama mkwe alipousikia mkasa hakunilaumu. Alichemsha maziwa.

Tangu siku hiyo tunatoka na vyote viwili, begi na kitenge. Soksi nene mbili, suruali inayofika chini hata mtoto akikunja magoti, kitenge cha kufunga miguu ndani ya begi, na kila nusu saa nasimama mtu amshike nyayo na shingo. Saa ya mwanga mzuri wa jioni, ambayo mpiga picha anaililia, ndiyo hiyo hiyo saa ya njaa, usingizi na baridi kwa mtoto wa miaka miwili. Begi halitatui hilo. Sasa napiga zaidi asubuhi, ameshakunywa uji, na jioni nampa mwenzangu mtoto, wote wakiwa wamevaa nguo za baridi, nachukua dakika kumi na tano, basi.

Siku ya pili tulikwenda msitu wa Magamba. Mbega waliruka juu yetu na binti aliwaona kabla yangu, kwa sababu kichwa chake kiko juu ya changu. Kwa sababu hiyo hiyo matawi yanamfikia yeye kwanza. Mimi nikiinamisha kichwa kupita chini ya tawi, yeye hainami. Tulipata mchubuko mdogo wa paji la uso, na nikajifunza kupita kama mtu mwenye ndoo kichwani: naangalia juu, nakunja magoti, ndipo napita. Kwa msitu mnene ningesema acha begi, tumia kitenge.

Ubora wa begi lenyewe ni mzuri. Fremu haijapinda. Zipu ya mfuko ilikwama, nta ya mshumaa ikaifungua. Klipu moja ya mkanda wa kifua cha mtoto ilikuwa na ufa ambao sikuuona wakati wa kununua; fundi wa mabegi aliibadilisha kwa 3,000 na kushona upya mishono miwili iliyoanza kuachia. Ukinunua la mitumba, vuta kila mkanda kwa nguvu mbele ya muuzaji, bana na ubanue kila klipu mara kumi, na tazama mishono ya kiti kwa ndani, si ya nje. Na lisikufanye ubebe mtoto ambaye bado hawezi kukaa mwenyewe imara. Halikutengenezwa kwa ajili yake.

Je, lina thamani ya 90,000? Kwa baba au mama anayetembea njia wazi, mchana, na anayehitaji mikono, ndiyo, na ningelipa tena. Kwa usingizi, baridi na msitu, kitenge cha mama mkwe kinalishinda.

Nirudi Irente kidogo, kabla ya baridi ile. Mchana niliweka filta ya polaraiza, kioo cha kuzungusha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao, nikijaribu kupenya utando wa vumbi na joto uliolala juu ya tambarare. Nilikuwa nazungusha, natazama, nazungusha tena, nimekasirishwa na rangi ile ya samawati iliyofuta kila kitu mbali. Binti akaninyooshea kidole juu ya bega langu.

"Baba, bahari!"

Mtoto wa Tanga, anachokijua kikubwa chenye rangi hiyo ni bahari. Nilitazama tena na kweli ilikuwa bahari, vilima vidogo vya huko chini vimekaa kama visiwa. Nikaivua filta, nikaweka ukingo wa mwamba chini kabisa ya picha na nikaacha utando ule ujaze sehemu yote iliyobaki. Ndiyo picha pekee ya safari niliyoichapisha kubwa. Iko ukutani kwa mama mkwe, na wageni wakimuuliza ni pwani ipi, anamwita mjukuu ajibu kama yupo.

Shemeji ameshaliomba begi kwa ajili ya mwanawe. Nimemwambia asubiri, kilo zetu hazijaisha. Januari, mvua za vuli zikikatika, tunapanda Mtae, soksi zimeshanunuliwa, na binti ameniuliza mara mbili kama ile bahari ya bibi bado ipo.